Chupa yenye tundu: kumzoesha mtoto kunawa uso pale maji yanapokuwa ya kuhesabu

Nafundisha darasa la awali huku Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Asubuhi kabla ya kuita majina huwa nawapitia watoto usoni mmoja mmoja. Sare na viatu ni baadaye, kwanza naangalia nzi. Mtoto aliyetuliwa na nzi kwenye kona ya jicho akampunga, huyo hana neno. Anayenitia wasiwasi ni yule ambaye nzi watatu wamemkalia jichoni na yeye anaendelea kunisimulia habari za mbuzi wao, hata kupepesa hapepesi. Huyo ameshazoea.

Yaliyomo humu nimeyajaribu kwa wanafunzi wangu wa miaka mitano na sita, na nyumbani kwa wajukuu wa dada yangu walio wadogo zaidi. Mengine yalinishinda mara ya kwanza; nitasema ni yapi.

Tunapambana na nini

Ninachokilenga hasa ni vikope, ugonjwa ambao hospitalini wanauita trakoma. Unaletwa na bakteria wanaokaa kwenye matongotongo na kamasi za mtoto aliyeambukizwa, kisha wanasafiri kwa vidole, kwa kitambaa na kwa nzi. Jicho linawasha, linakuwa jekundu, linatoa uchafu, halafu linatulia. Haupiti muda mrefu, anaambukizwa tena na kaka yake. Kuugua mara moja hakupofushi. Kinachopofusha ni kurudiarudia: upande wa ndani wa kope la juu unapata kovu juu ya kovu, kope linajikunja, nywele zake zinageukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Hayo huja ukubwani, na huwapata zaidi wanawake, kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto na kuambukizwa nao upya. Ukimwona bibi amefunga kibano kwenye pindo la kanga, anang'oa kope moja baada ya nyingine, fahamu kwamba ugonjwa huo aliuanza akiwa na umri wa wanafunzi wangu.

Yapo pia macho mekundu ya virusi, kama yale yaliyozuka Dar es Salaam mwanzoni mwa 2024 na kusambaa mikoani. Ni ugonjwa mwingine, na kwa kawaida huisha wenyewe, ila nao hupita kwenye vidole na taulo. Mtoto akizoea kunawa, anajikinga na yote mawili.

Kwanza, pima maji

Neno nitakaloambiwa nalijua: "Mwalimu, maji ya kupikia hayatoshi, ya uso yatoke wapi?" Ni neno la kweli. Uwanda wetu una mchanga unaokunywa mvua yote, chemchemi ziko chini mabondeni, na mama zetu walishuka na kupanda na ndoo kichwani miaka na miaka. Mradi wa maji wa Makonde upo, lakini bomba lina siku zake. Wengi tunaishi kwa kisima cha uani kilichosakafiwa saruji, kinachovuna mvua ya bati, na ikifika Septemba unasikia ndoo inagonga chini.

Basi fanya jaribio hili kabla ya kumfundisha mtoto chochote. Chukua chupa ya nusu lita, ijaze, toboa kifuniko kwa msumari mwembamba, kisha mnawishe mtoto uso kwa maji yanayochirizika. Tazama yamebaki kiasi gani. Nilipofanya hivyo mbele ya wazazi shuleni, nusu lita ilitosha nyuso nne. Mama mmoja akasema siku zote alijua uso mmoja unataka kopo zima. Simlaumu. Tumezoea beseni, na beseni ndilo linalokula maji. Tena watoto wanne wakinawa kwenye beseni moja, wa nne anajipaka matongotongo ya watatu waliomtangulia.

Kwa hiyo usiseme "maji yakipatikana tutanawa". Tenga chupa moja ya uso kila siku, na isiguswe kwa kazi nyingine hata wageni wakija.

Hatua ya 1: Tengeneza mahali pa kunawia

Kibuyu chirizi cha dumu la lita tano, chenye kijiti cha kukanyaga kwa mguu, wengi mnakifahamu. Ni kizuri kwa nje ya choo. Lakini kwa mtoto wa miaka mitatu nimeona ni kizito: anakanyaga kwa nguvu zote, dumu linapinduka, maji yanaishia miguuni. Ninachokipendelea ni chupa ya maji ya lita moja na nusu, ile inayotupwa ovyo stendi.

Pasha moto sindano nene au msumari mwembamba, toboa tundu moja dogo, vidole vitatu kutoka chini ya chupa. Ziba tundu kwa kidole, jaza maji, funga kifuniko, achia kidole. Maji hayatoki. Legeza kifuniko kidogo, yanachirizika. Kaza, yanakatika. Siri yake ni hewa tu: kifuniko kikikazwa hewa haina pa kuingilia, na maji yanabaki. Watoto wangu waliita uchawi, na kwa wiki nzima kila mmoja alitaka kunawa ili afungue kifuniko mwenyewe. Sikuwakatalia. Tundu likiwa kubwa mchezo haufanyi kazi, yatavuja tu, kwa hiyo anza na sindano.

Funga kamba shingoni na ning'iniza chupa kwenye mwembe au nguzo ya baraza, urefu ambao mtoto mwenyewe anafikia kifuniko bila kupanda kitu. Hapa ndipo niliposhindwa mara ya kwanza. Niliitundika kwa kimo changu, ikawa kila anayetaka kunawa aniite, na mtoto anayesubiri kuitikiwa anaondoka zake. Siku nilipoishusha hadi kifuani kwao, foleni ilianza yenyewe.

Sabuni weka kipande, kitie kwenye soksi kuukuu au neti, ukifunge kando ya chupa. Usipofunga, kunguru atakibeba. Chini panda mchicha au mche wa mpapai, ili pasiwe na tope na maji ya uso yafanye kazi ya pili.

Hatua ya 2: Mfundishe mpangilio mmoja, usiubadilishe

Mtoto mdogo hukumbuka kwa mwili. Ukimpa mpangilio uleule kila siku, mikono itaenda yenyewe. Wangu ni huu:

Mikono kwanza, kwa sabuni, mpaka katikati ya vidole. Kunawa uso kwa mikono michafu ni kupeleka uchafu ulikokuwa haujafika.

Kisha jicho moja. Afumbe, maji yachirizike kiganjani, apitishe kutoka kona ya puani kwenda nje. Halafu la pili, kwa maji mengine.

Kisha pua: apenge, asuuze. Pua haipaswi kusahauliwa, maana kamasi linalokauka juu ya mdomo ndilo linaloita nzi, na nzi akishafika puani jicho haliko mbali.

Mashavu na kidevu mwisho.

Sabuni usoni si lazima. Maji yakiondoa matongotongo na kamasi yametosha. Niliwahi kulazimisha sabuni usoni, mtoto mmoja ikamuingia machoni, na kwa siku tatu akiona chupa tu anakimbilia nyuma ya darasa. Sabuni iishie mikononi.

Tumetunga kiimbo cha kwenda nacho, chenye makofi:

*Mikono kwanza, sugua sugua,*
*jicho la kulia, toka puani,*
*jicho la kushoto, toka puani,*
*penga pua, mashavu, kidevu — imekwisha!*

Ukiwa na bibi nyumbani anayeweza kukitia maneno ya Kimakonde, Kimwera au Kiyao, mwachie yeye. Wimbo wa bibi haubishiwi.

Hatua ya 3: Onyesha, usihubiri

Mtoto wa miaka minne ukimwambia habari za bakteria atakuitikia "ndiyo mwalimu" kama anavyoitikia kila kitu. Mwonyeshe nzi.

Msimu wa mabibo chukua sahani mbili. Moja ipake juisi ya bibo, nyingine ioshe. Ziweke kivulini nje, watoto wakae mbali kidogo na kuhesabu kwa sauti nzi wanaotua kila upande. Nje ya msimu tumia embe au uji wenye sukari. Haipiti muda, sahani chafu imejaa na safi haina mgeni. Kisha uliza: uso wako leo ni sahani ipi? Sisi tunasema "nzi amekosa kiti". Siku hizi mtoto akimwona mwenzake na matongotongo, hamcheki, anamwambia, "Umemwekea nzi kiti." Anayeambiwa anakwenda kwenye chupa.

Weka pia kipande cha kioo karibu na chupa, kingo zake zimefungwa kwa gundi ya karatasi zisikate. Mtoto hajui kwamba uso wake ni mchafu kwa sababu hauoni.

La kutofanya: usimwaibishe. Nilipoanza kazi niliwarudisha nyumbani waliokuja na nyuso chafu. Nilidhani nawafundisha wazazi. Mtoto mmoja hakurudi wiki mbili, na uso wake haukuwa msafi zaidi aliporudi. Sasa anayekuja hajanawa ananawa hapa hapa, na mimi nasimama naye kunawa wangu.

Hatua ya 4: Funganisha na jambo ambalo tayari lipo

Saa ya ukutani haimsaidii mtoto. Uji unamsaidia. Ananawa anapoamka, kabla ya uji. Ananawa tena jioni kabla ya kula au kulala. Hizo mara mbili ndizo msingi, na katikati ya siku kila kamasi linapoonekana. Angalizo: uji usiwe adhabu. Akigoma, mnawishe wewe kwa utani na umpe uji wake. Mtoto mwenye njaa hafundishiki.

Kwa wale wa chini ya miaka miwili hakuna cha kufundisha, kuna cha kufanya: mama au dada mkubwa anawe mikono, kisha amwoshe. Ila mpe ashike kifuniko. Atakapofika miaka mitatu kitu hicho si kigeni kwake.

Hatua ya 5: Kanga

Hapa najua nitagombana na watu. Kanga yetu inabeba mtoto, inafunika kichwa, inafuta jasho, inashika sufuria, na pindo lake ndilo linalofuta kamasi za mdogo, kisha macho ya anayemfuata, kisha ya mama mwenyewe. Pindo hilo likipita kwa watoto watatu limekuwa daraja la vikope.

Sisemi uache kanga. Nasema pindo lisifike usoni. Njia rahisi kuliko zote ni kutofuta kabisa: mtoto akishanawa, upepo wa Newala utamkausha kabla hajamaliza wimbo. Ukitaka kitambaa, kata kanga iliyochakaa vipande, kila mtoto chake, na kila kipande kiwe na alama asiyehitaji kusoma kuitambua: fundo, uzi mwekundu, kona iliyokatwa. Kifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Kipande kilichobaki kibichi kwenye msumari nyuma ya mlango usikihesabu kuwa ni kisafi.

Mto na shuka la watoto wanaolala pamoja vinahitaji jua pia, hasa mmoja wao akiwa na macho yanayotoa uchafu.

Hatua ya 6: Nzi anatoka wapi

Nzi anayependa macho ya watoto hutaga mayai kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Ndani ya choo cha shimo hafanikiwi. Maana yake ni kwamba kinyesi cha mtoto kilichoachwa nyuma ya nyumba, kile tunachosema "cha mtoto hakina neno", ndicho kinachomlea nzi atakayetua kwenye jicho lake mwenyewe. Kampeni ya Nyumba ni Choo iliwafanya wengi wajenge vyoo vizuri. Watoto wamebaki nje kwa sababu wanaogopa shimo. Mtengenezee kibao chenye tundu dogo cha kuweka juu ya shimo la wakubwa, au mpe kopo, na kilichomo kimwagwe chooni siku hiyo hiyo. Kisha mikono, yake na yako, kwa sabuni. Shimo lifunikwe.

Hatua ya 7: Msimu wa korosho

Mazoea yote haya hufa Oktoba. Familia zinahamia mashambani, watoto wanaokota korosho na wazazi, choo ni kichaka, na chupa imebaki imening'inia kijijini. Fungasha chupa ya pili mapema pamoja na sufuria. Itundike kwenye mkorosho ulio karibu na kibanda, na jembe moja liwe la kufukia kinyesi.

Mambo mawili ya mashamba yetu yachungwe. La kwanza ni salfa. Kuanzia Juni mikorosho inapopulizwa dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, vumbi lake linawasha macho na kuyafanya mekundu. Hayo si maambukizi, lakini mtoto akisugua kwa mikono michafu atayageuza kuwa maambukizi. Siku ya kupuliza watoto wasiwepo shambani. Akipatwa, msuuze kwa maji safi mengi, na hapa usibane maji. La pili ni mafuta ya ganda la korosho. Yanaunguza ngozi, sembuse jicho. Anayebangua au kuchoma korosho asimguse mtoto usoni kabla ya kunawa kwa sabuni.

Jicho likishaugua

Osha matongotongo kwa maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, kwa kitambaa chake peke yake, kisha nawa mikono. Mpeleke zahanati. Mwenye macho mekundu yanayotoa uchafu abaki nyumbani hadi uchafu ukatike, na mwalimu asimhesabie utoro.

Usitie kitu jichoni: maziwa ya mama, mkojo, chumvi, majani, wala dawa ya matone iliyobaki kwa jirani. Maziwa ndiyo yanayotetewa sana, tena na bibi tunaowaheshimu. Mimi humjibu bibi kwamba maziwa yale ni chakula cha mtoto, na bakteria nao hawayakatai.

Usingoje kesho kama ni mtoto mchanga wa chini ya mwezi mmoja na macho yametoa usaha au kuvimba. Huyo anaweza kupoteza jicho kwa siku chache. Vivyo hivyo kwa mtoto yeyote anayekwepa mwanga, anayelia kwa maumivu, mwenye doa jeupe kwenye kioo cha jicho, au ambaye mboni yake inang'aa nyeupe ukimpiga picha.

Ikitangazwa siku ya kugawa dawa za vikope, nenda na watoto wote. Zithromax hutolewa bure kwenye ugawaji huo, vidonge au ya maji, na kipimo cha mtoto hutokana na urefu wake kwenye fito, kwa hiyo usishangae wakimsimamisha badala ya kumpima uzito. Walio chini ya miezi sita hupewa marhamu ya tetrasaiklini ya kupaka machoni mara mbili kwa siku kwa wiki 6. Wiki zote 6, hata macho yakionekana yamepona wiki ya kwanza. Dawa inaua bakteria waliopo leo. Jirani asiyenawa anaweza kuwarudisha. Ndiyo maana mpango wa Shirika la Afya Duniani una miguu minne, upasuaji, dawa, usafi wa uso na mazingira, na jirani zetu Malawi walithibitishwa mwaka 2022 kuwa wametokomeza vikope kama tatizo la afya ya jamii. Lengo la dunia sasa ni 2030.

Na ukiwa zahanati, muulizie yule bibi mwenye kibano. Kunyoosha kope ni upasuaji mdogo wa ganzi, anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Wengi wanaogopa kwa sababu hakuna aliyewaambia hilo.

Kutunza chupa

Jua huikausha plastiki, nayo huanza kupasuka shingoni baada ya miezi michache. Kabla ya hapo utaona tundu limepanuka na maji yanadondoka kifuniko kikiwa kimekazwa, toboa nyingine. Ioshe ndani kila wiki kwa mchanga kidogo na maji, itikise mpaka utelezi wa kijani utoke. Ijaze usiku, wakubwa wakiwa bado macho. Mtoto huamka kabla yako, na asubuhi akiikuta tupu, ataipita na kwenda zake kucheza.